Niliambiwa moyo umetanuka niache mazoezi, kumbe ni mbio zenyewe. Wakimbiaji na watu wa tizi tukutane hapa

#1 Alfajiri_Kihonda

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa rohoni tangu mwaka jana, na najua humu jukwaani tuko wengi: wa jogingi za Jumamosi, wa baiskeli, wa mpira, wa jimu. Uzi ni mrefu, mniwie radhi.

Nina miaka 43 na ninakimbia huu mwaka wa tisa, kilometa 60 hadi 70 kwa wiki hapa Morogoro. Mwaka jana kazini tulitakiwa kupima afya kwa ajili ya bima. Nesi alinishika kiganja, akatazama saa, akashika tena upande wa pili. Mapigo 44. Akamwita mwenzake. Nikapigwa eksirei ya kifua, nikafanyiwa ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo), kisha daktari akanikalisha na kuniambia moyo wangu umetanuka, unapiga taratibu mno, niache mazoezi kabisa. Hakuniuliza kama nakimbia, na mimi kwa woga sikufungua mdomo. Natoka pale miguu haina nguvu.

Miezi mitatu sikukimbia. Viatu vilikaa nyuma ya mlango. Mwili umeshazoea, saa kumi na moja kasoro naamka mwenyewe, halafu nabaki kitandani vidole viwili shingoni nikihesabu. Mke wangu akinisikia nageuka ananiuliza, "Yamefika ngapi?" Watoto wakaanza kuambiwa baba asisumbuliwe. Mtu mzima unajiona umekuwa yai.

Ndugu yangu mmoja ndiye aliyenilazimisha niende Dar kwa daktari bingwa wa moyo. Mama mmoja mtaratibu, akanilaza ubavu wa kushoto, akanipaka ile jeli ya baridi, akaanza kupitisha kifaa cha eko, ile ultrasaundi ya moyo, mbavuni. Kwenye skrini naona valvu zinafunguka na kufunga kama vitambaa viwili vinavyopungiana. Akapima, akaandika, akapima tena. Kabla hajasema lolote kuhusu ugonjwa akaniuliza, "Baba, wewe unakimbia kilometa ngapi kwa wiki?" Nusura nilie pale kitandani.

Chemba ya kushoto ya moyo wangu ilikuwa na upana wa milimita 57, ukuta milimita 11. Ukuta wa unene wa kawaida, chemba pana, inajaa vizuri na kulegea vizuri. Akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia nimefungwa nyaya kifuani, mapigo yakapanda hadi 178 bila hitilafu yoyote. Akaniambia huu ni moyo wa mtu wa mbio, na kwamba kabla ya ile miezi mitatu ya kulala huenda ulikuwa mpana zaidi ya hapo.

Sasa nieleze nilichojifunza tangu siku ile, maana nimesoma sana.

Ukiwa umekaa, mwili unahitaji takriban lita 5 za damu kwa dakika, uwe bingwa wa marathoni au mtu wa ofisini. Asiyefanya mazoezi moyo wake unapiga mara 70, kila pigo likisukuma kama mililita 70. Zidisha, unapata lita 4.9. Mkimbiaji wa mapigo 45 akisukuma mililita 110 kwa pigo anapata lita 4.95. Ndoo ni ileile, ila mmoja ana kata ndogo na mwenzake ana kata kubwa, kwa hiyo huyu wa pili anachota mara chache.

Tofauti inajitokeza mkianza kukimbia. Mapigo ya juu kabisa ya mtu hayaongezeki kwa mazoezi. Yanafuata umri na kuzaliwa kwako. Kama kikomo chako ni 190, ukifanya mazoezi miaka kumi hutapata 210. Kilichobaki ni kukuza kata. Mtu wa kawaida akikimbia mwisho wa uwezo wake anafikisha kama lita 20 kwa dakika. Wakimbiaji na waendesha baiskeli wa kiwango cha dunia wanafika lita 35 na kuzidi. Moyo ni mmoja, ukubwa wa ngumi, unasukuma karibu madebe mawili kila dakika!

Kata inakuaje? Ukikimbia, misuli ya miguu inakamua damu kuirudisha juu kwa wingi. Chemba inajaa hadi inavutika, na msuli wa moyo ukivutika hukaza kwa nguvu zaidi. Otto Frank kule Ujerumani na Ernest Starling wa Uingereza walilieleza hili zaidi ya miaka mia iliyopita. Ndani ya wiki mbili za mwanzo mwili unaongeza maji ya damu, kama asilimia 10 hivi, ndiyo maana wiki ya tatu unaona kile kilima cha juzi kimekuwa chepesi ingawa misuli ya miguu haijabadilika sana. Ukiendelea miezi na miezi, seli za msuli wa moyo zenyewe zinarefuka, chemba inatanuka, na ukuta unanenepa kidogo ili uhimili chemba pana. Pande zote nne za moyo zinakua kwa pamoja. Hilo la kukua kwa pamoja mlikumbuke, maana ugonjwa mara nyingi haukui hivyo.

Kuna Mmarekani anaitwa Clarence DeMar, mpiga chapa kwa kazi. Mwaka 1911 kabla ya marathoni ya Boston madaktari walimsikiliza kifua wakasikia mnong'ono kwenye moyo, wakamwonya aachane na mbio. Akakimbia, akashinda. Lakini onyo lile lilimwingia, miaka kadhaa akakaa mbali na Boston. Aliporudi akashinda 1922, 1923, 1924, 1927, 1928 na 1930, na mwaka 1924 akachukua shaba ya marathoni kwenye Olimpiki ya Paris. Alikufa mwaka 1958 kwa saratani. Madaktari walipofungua kifua chake, mishipa inayolisha moyo ilikuwa mipana mara mbili hadi tatu ya mtu wa kawaida. Taarifa ilichapishwa 1961. Nikisoma habari zake nawaza ile miaka aliyokaa nje kwa hofu, kisha naitazama miezi yangu mitatu.

Na wala haikuwa siri. Mwaka 1899, Uppsala huko Sweden, daktari Salomon Henschen aliwapima wateleza theluji kwa kugonga vifua vyao kwa vidole tu, hakukuwa na eko wala nini. Akaona mioyo yao ni mikubwa, na akasema moyo mkubwa wa namna hiyo unafanya kazi kubwa kuliko wa kawaida.

Nawasikiliza. Mwenye maswali aulize, mwenye kunisahihisha anisahihishe.

#2 Dada_wa_Coco

Asante sana kaka, nimesoma neno kwa neno. Mimi saa yangu ya mkononi inaonyesha 47 nikiwa nimelala, na mama yangu alipoona akaanza kunikataza mbio. Swali: je, mapigo kuwa chini ni dalili nzuri siku zote? Na kwa nini yanashuka hata nikiwa nimelala, wakati mbio nilimaliza asubuhi?

#3 Alfajiri_Kihonda

Dada, swali zuri. Si siku zote.

Miaka mingi jibu lilikuwa mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani hadi kifuani, ule wa kutuliza. Mazoezi yanaupa nguvu, nao unaushika moyo breki. Mwaka 2014 watafiti wa Manchester walifanyisha panya mazoezi, kisha wakaizima ile breki ya fahamu kwa dawa. Mapigo yakabaki chini vilevile. Walipochunguza ile sehemu ndogo ya moyo inayotoa mdundo, wakakuta vijinjia vya kupitisha chaji ya umeme kwenye seli zake vimepungua. Maana yake mdundo wenyewe umepangwa upya kuanzia chanzo, ndiyo maana na usingizini uko chini.

Nilipiga hesabu zangu mwenyewe. Kwa mapigo 70 siku nzima unapata 100,800. Mimi kwa 46 napata 66,240, na hata nikijumlisha saa moja ya kukimbia kwa mapigo 150, jumla haizidi 72,500. Tofauti ni zaidi ya mapigo 28,000 kila siku.

Sasa lini ni tatizo: mapigo yako chini na huna historia ya mazoezi. Au unayo, lakini unapata kizunguzungu, unazimia, unachoka kwa kazi ndogo, au ukipanda ngazi mapigo yanagoma kupanda. Moyo wa mazoezi ukiuomba unaitika mara moja. Hao wengine waende hospitali, inaweza kuwa hitilafu ya njia za umeme wa moyo, inaweza kuwa tezi ya shingo, inaweza kuwa dawa wanazotumia. Mwambie mama unapanda ngazi ghorofa ya nne na mapigo yanaitika.

#4 Chuma_Mbezi

Mkuu hapo nimekuelewa upande wa mbio. Sisi wa vyuma je? Jimu kwetu wanasema chuma kinanenepesha moyo na mwisho unakufa. Nanyanyua miaka sita sasa.

#5 Alfajiri_Kihonda

Mkuu Chuma, tofauti ipo kweli. Mkimbiaji analeta damu nyingi moyoni, mnyanyuaji analeta presha. Mwaka 1985 huko Canada waliingiza kifaa cha kupimia ndani ya mshipa wa mkono wa wanyanyuaji wakati wanasukuma chuma kizito kwa miguu yote miwili. Presha ilifika wastani wa 320 kwa 250. Mmoja alipita 480 kwa 350. Ni kwa sekunde chache, lakini moyo unasukuma dhidi ya mlango uliofungwa, na jibu lake ni kunenepesha ukuta.

Mwaka 1975 Joel Morganroth na wenzake waliandika hivi: watu wa mbio chemba hupanuka, watu wa nguvu ukuta hunenepa na chemba hubaki. Picha hiyo imedumu miaka mingi, lakini tafiti za baadaye zimeonyesha haijanyooka hivyo. Wanyanyuaji wengi kuta zao ziko ndani ya kawaida kabisa, na wapiga makasia na waendesha baiskeli wanapata yote mawili kwa sababu michezo yao ina wingi na presha kwa pamoja. Tena hata mkimbiaji mpya anaanza na ukuta. Huko Dallas walichukua watu 12 waliokuwa hawafanyi chochote, wakawafundisha mwaka mzima. Miezi sita hadi tisa ya mwanzo chemba ya kushoto ilinenepa bila kupanuka, upana ukaja baadaye. Chemba ya kulia yenyewe ilikua muda wote.

Chuma chenyewe hakikuui. Usibane pumzi kila unyanyuapo, pima presha ukiwa umetulia, na changanya na kutembea haraka au baiskeli. Ila kama kuna mtu jimu anakuuzia sindano za kukuza misuli, hizo ndizo zinazonenepesha moyo vibaya na kuuchakaza. Hapo sina lugha laini, ziache leo.

#6 Muuguzi_Zamu

Habari za kazi wakuu. Mimi niko kitengo cha moyo miaka 11 sasa, uzi huu umenigusa kwa sababu tunaletewa sana vijana wa mpira na askari wenye karatasi ya ECG iliyoandikwa "si ya kawaida".

Niongeze jambo ambalo mleta uzi hajaligusa. Vipimo vingi vya zamani vilitengenezwa kwa wazungu. Mwaka 2008 Uingereza walilinganisha wanamichezo wanaume 300 weusi na 300 weupe. Waliozidi unene wa milimita 12 kwenye ukuta wa moyo walikuwa asilimia 18 ya weusi na asilimia 4 ya weupe. Ukitumia kipimo cha mzungu kwa kijana wetu, utamwita mgonjwa mtu mzima wa afya.

ECG nayo hivyohivyo. Kwa mwanamichezo mweusi asiye na dalili, mawimbi ya T ya mchoro huo kupinduka kwenye nyaya za kifuani V1 hadi V4 baada ya mstari wa ST (kipande kinachotangulia wimbi hilo) kuinuka na kubinuka huhesabiwa kuwa kawaida, na mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2017 yanasema hivyo wazi. Yakipinduka upande wa V5 na V6, huyo achunguzwe, rangi haimkingi.

Kwa hiyo ukienda kupima, sentensi ya kwanza iwe: mimi ni mwanamichezo, nafanya mchezo huu, saa hizi kwa wiki, tangu mwaka huu. Msisubiri kuulizwa. Foleni ni ndefu, daktari ana wagonjwa arobaini nje.

#7 Alfajiri_Kihonda

Dada/kaka Muuguzi, nimenyamaza nasoma. Asante. Hiyo ya V5 na V6 naandika kwenye daftari langu.

#8 Mama_Upendo_Dom

Wanangu shikamooni nyote mnaostahili, na marahaba kwa wadogo. Mimi nina miaka 54, presha ninayo na dawa nameza. Daktari aliniambia nitembee. Nina miezi miwili natembea kila asubuhi nusu saa. Je, kwa umri huu moyo bado unasikia, au nimechelewa? Maana nyie mnaongelea vijana wa marathoni.

#9 Alfajiri_Kihonda

Shikamoo mama. Hujachelewa, na sisemi kukufurahisha.

Mwaka 2018 hao hao wa Dallas, kundi la Benjamin Levine, walitoa matokeo ya watu wa miaka 45 hadi 64 waliokuwa wanakaa tu. Miaka miwili ya mazoezi, walianza pole wakaongeza hadi siku nne au tano kwa wiki, siku moja au mbili zikiwa za kukaza hasa. Moyo unapozeeka hukauka, unakuwa mgumu kujaa, kama mpira wa baiskeli uliokaa juani. Kwa wale wa mazoezi ugumu huo ulipungua kwa takriban robo, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni ukapanda asilimia 18. Wenzao waliopewa yoga na kunyoosha viungo hawakupata hayo. Watafiti wanasema dirisha liko wazi hasa kabla ya miaka 65, na wewe uko ndani yake.

Nikupe na hii, mama, kwa sababu ndiyo inayonisisimua kuliko zote. Mwaka 1966, Dallas hiyohiyo, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu, wazima kabisa, bila kuruhusiwa hata kutembea. Uwezo wao ukashuka zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wakatafutwa wote watano, wanaume wa miaka 50 sasa, wakapimwa tena. Zile wiki tatu za kitandani ziliwashusha kuliko miaka 30 yote ya kuzeeka. Kisha wakapewa miezi sita ya mazoezi ya taratibu, kutembea, kukimbia kidogo, baiskeli, na wakarudisha kile ambacho miaka 30 ilikuwa imewapunguzia.

Kwako wewe mwenye presha: dawa usiache, hata ukijisikia vizuri. Ukitembea uwe unaweza kuongea lakini usiweze kuimba. Baada ya miezi mitatu mwone daktari wako tena, mweleze unavyotembea, mwombe ushauri wa kuongeza. Na kipimo chako cha bure ni mapigo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani, yahesabu dakika nzima, yaandike.

#10 Kilima_Iten_Road

Wasee wa Tanzania mambo, niko upande wa Eldoret. Hapa kwetu Iten ni kama mita 2,400 juu, vijana wanapiga kilomita 180 hadi 200 kwa wiki. Hiyo story ya moyo mkubwa tunaijua, ukishika mkono wa jamaa akiwa amelala unaweza dhani amelala milele. Lakini niulize ukweli: kuna kuzidisha ama hakuna? Nina mjomba alikimbia Ulaya miaka mingi, sasa ako na miaka 60 na moyo unapigapiga bila mpangilio.

#11 Alfajiri_Kihonda

Karibu sana jirani. Kwanza tunaheshimu, Kipchoge na marehemu Kiptum wametufundisha kwamba binadamu anaweza kwenda mbali kuliko tulivyodhani. Na sisi tuna Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 Christchurch akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu mjomba: ndiyo, kuzidisha kupo. Huko Sweden kuna mbio za kuteleza za Vasaloppet, kilometa 90. Watafiti walifuatilia washiriki zaidi ya 52,000. Waliomaliza mara nyingi zaidi, na wale wenye kasi zaidi, walipata matatizo ya mdundo wa moyo kuliko wenzao, hasa ule mdundo wa ovyo unaoanzia chemba za juu. Chemba hizo zinavutwa kila siku kwa miaka ishirini, thelathini, na baadhi ya watu zinabaki zimelegea. Hao hao kwa jumla wanaishi vizuri kuliko wasiofanya kitu, kwa hiyo si sababu ya mtu kukaa. Lakini mjomba asikae nalo nyumbani. Mdundo huo unaweza kugandisha damu na kuleta kiharusi, na dawa zake zipo. Mpeleke.

#12 Bin_Malindi_Unguja

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa mpira na mbio za ufukweni. Kila Ramadhani napunguza sana, na mwezi ukiisha najiona nimeanza upya. Kweli moyo unarudi nyuma kwa mwezi mmoja tu?

#13 Alfajiri_Kihonda

Waalaykum salaam. Unarudi, lakini si wote kwa mpigo mmoja.

Kinachoondoka kwanza ni yale maji ya damu ya ziada, siku chache tu, kwa hiyo kata haijai. Edward Coyle na wenzake mwaka 1984 waliwasimamisha watu waliozoea mazoezi makali: siku 21 uwezo wao ulishuka kama asilimia 7, siku 56 ukafika 16. Unene wa ukuta unapungua ndani ya miezi. Upana wa chemba ndio mbishi kuliko vyote, kuna wanamichezo wa zamani ambao miaka imepita na chemba bado imebaki pana.

Lakini wewe huachi kabisa, unapunguza, na hapo una bahati. Robert Hickson alionyesha kwamba mtu akipunguza siku kutoka sita hadi mbili kwa wiki bila kupunguza kasi, anabaki na uwezo wake wiki 15. Kilichowashusha ni kupunguza ukali. Kwa hiyo baada ya futari na tarawehe, siku mbili kwa wiki, dakika 25 zenye mikimbio mifupi ya kasi, na maji ya kutosha hadi daku. Idi ikifika utajishangaa.

#14 Kinda_la_Mlandizi

Wakuu naomba nivunje mtiririko. Nimesoma uzi wote nimepata nguvu ya kuuliza. Mdogo wangu ana miaka 19, anacheza timu ya mtaa, winga, ana kasi sana. Wiki mbili zilizopita katikati ya mechi alikuwa anakimbilia mpira, hakuguswa na mtu, akaanguka. Alizimia kama nusu dakika, akaamka mwenyewe, akamwagiwa maji. Kocha akasema ni jua. Kipindi cha pili akarudi uwanjani. Jumapili hii wana nusu fainali. Nikisoma hapa naona moyo wa mwanamichezo kuwa tofauti ni kawaida, kwa hiyo nitulie?

#15 Muuguzi_Zamu

Usitulie. Alizimia AKIWA anakimbia au baada ya kusimama? Na kwenye ukoo wenu kuna mtu amewahi kufa ghafla kabla ya miaka 50?

#16 Kinda_la_Mlandizi

Akiwa anakimbia kabisa. Ukoo... baba mdogo alifariki shambani, alikuwa na miaka 31 au 32. Walisema amerogwa.

#17 Alfajiri_Kihonda

Ndugu yangu, nakuandikia haraka. Mdogo wako asicheze Jumapili.

Yote niliyoandika juu ni ya moyo usio na dalili. Kuzimia katikati ya mbio, bila kugongwa, ukijumlisha baba mdogo aliyekufa ghafla kijana, ni habari nyingine. Kuna ugonjwa wa kurithi unaonenepesha ukuta wa moyo, mara nyingi sehemu moja kuliko nyingine, chemba inakuwa finyu badala ya pana na haijai vizuri. Kwa nje kijana ni mzima, ana kasi, ana misuli. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alikuwa hivyo, miaka 28, akaanguka peke yake katikati ya uwanja Lyon tarehe 26 Juni 2003 kwenye nusu fainali dhidi ya Colombia, hakuinuka. Uchunguzi wa mwili ulikuta moyo wa aina hiyo. Sisemi mdogo wako anao. Nasema hakuna anayeweza kusema hana mpaka apimwe.

ECG na eko ndivyo vipimo vya kuanzia. Ukiweza kufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kutoka Mlandizi si mbali. Daktari umwambie mambo mawili kabla ya lolote: alizimia akikimbia, na baba mdogo alikufa ghafla akiwa na miaka 31 au 32. Hayo ya kurogwa yaache, umri na namna alivyokufa ndivyo anavyovihitaji.

Na wewe, mama, kila mtu hapo nyumbani jifunzeni hili leo. Akianguka tena, haitiki na hapumui vizuri, msimmwagie maji. Mmoja apige simu na kutafuta gari. Mwingine aweke kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, abonyeze chini sentimita 5, haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, aache kifua kirudi juu kila mara, asiache mpaka msaada ufike. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London mwaka 2012, moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Yuko hai kwa sababu watu walimkimbilia papo hapo na hawakuacha.

#18 Muuguzi_Zamu

Naunga mkono kila neno. Kinda, njoo na karatasi yoyote aliyowahi kupimiwa, hata ya shule. Na wewe uliyezaliwa tumbo moja naye, na baba yenu, nanyi mtapimwa. Asije na daladala akiwa amebeba mizigo, na mazoezi ya timu asifanye hata ya kunyoosha mpaka apimwe.

#19 Kinda_la_Mlandizi

Nimempigia kocha sasa hivi. Amekasirika, amesema tunaharibu timu. Nimemsomea ile ya Foé, akanyamaza. Jumapili hachezi. Dogo mwenyewe analia chumbani, mama amekaa naye. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tunaondoka.